Kuta Zinazomjibu Mume Wangu

Siku ya kwanza mume wangu alipoingia dukani kwangu, nilidhani amenisonya.

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge Kikuubo, katika kimojawapo cha vile vichochoro ambamo wachukuzi hupita na mabunda mgongoni wakipaza sauti watu wapishe. Nilikuwa nimekuja Kampala kutoka upande wa Busia, ng'ambo ya Kenya, kumsaidia shangazi yangu katika biashara. Shangazi aliporudi nyumbani kupumzika, duka likabaki mikononi mwangu. Lilikuwa chumba kirefu chembamba, vitenge vimepangwa pande zote mbili kutoka sakafuni mpaka darini, vingine vimening'inia mlangoni, na mimi nimekaa ndani kabisa kwenye stuli.

Akaja mwanamume mrefu, shati limenyooka, akasimama mlangoni. Hakusalimu. Alinielekezea uso, akagonga ulimi kwenye kaakaa, tka, akageuza kichwa kidogo, akagonga tena. Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa amenunua kitu asubuhi hiyo, na sikuwa na moyo wa kudharauliwa.

"Ssebo," nikamwambia, kwa lile neno la heshima wanalowaita wanaume hapa, ingawa sauti yangu haikuwa na heshima yoyote, "kama vitenge vyangu havikupendezi, maduka ni mengi."

Akatabasamu. "Sijakusonya, nnyabo," akasema, akinirudishia neno la heshima la wanawake. "Natafuta ukuta wako, siupati."

Hapo ndipo alipotoa fimbo nyeupe aliyokuwa ameikunja na kuibana kwapani. Nilitamani kujificha nyuma ya vitenge. Alinieleza kwamba akiwa Kikuubo hupenda kuikunja, kwa sababu watu huikanyaga na magurudumu ya mikokoteni huipinda, kwa hiyo hutembea kwa masikio. Hugonga ulimi, sauti ikaenda ikapiga kitu, ikamrudia, naye akajua mbele yake pana nini. Duka la sufuria lililokuwa jirani yangu alilijua tangu akiwa mbali, maana lilimrudishia sauti kali kama ya kengele. Lakini duka langu halikumrudishia kitu. Nguo zilikuwa zimemeza kila alichotuma. Alisema kusimama mlangoni kwangu kulikuwa kama kusimama mbele ya ukungu.

Alikuwa anatafuta kitenge cha mama yake. Nikamshika mkono nikampitisha kwenye mabunda, akapapasa ncha za vitambaa, akaniuliza rangi. Nilimwelezea rangi siku hiyo vizuri zaidi kuliko nilivyowahi kumwelezea mteja yeyote, labda kwa sababu ya aibu. Akachagua cha buluu chenye maua ya machungwa. Baada ya muda mfupi alirudi kutafuta kingine cha mama, na baadaye kingine tena. Mama huyo, niliyekuja kumjua vizuri, mpaka leo ana magauni mengi kuliko kanisa zima, na akivaa moja hunitazama na kucheka peke yake.

Mume wangu ni mtoto wa askari. Surua ilimpofusha kabla hajajua kuongea vizuri, na hakumbuki kuona chochote. Alikulia Mbuya, kwenye nyumba za familia za wanajeshi, na ndiyo sababu Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuchezea, kwani baba yake alikuwa Mwacholi na jirani zao walitoka kila pembe ya nchi. Nyumba zilipangwa safu kwa safu, zote sawa. Akitembea kando yazo akigonga ulimi, alisikia ukuta, kisha uwazi, kisha ukuta, na kwa kuzihesabu hivyo alijua amefika kwao. Hakuna aliyemfundisha. Alidhani watu wote hufanya hivyo.

Majirani walimlalamikia mama yake kwamba mtoto amekosa adabu, anasonya wakubwa. Mama yake hakugombana nao. Aliwaambia, "Mwanangu hasonyi mtu. Anapiga hodi." Kisha akamfundisha mtoto kutanguliza salamu kila anaposikia mtu, ndipo agonge. Somo hilo, kama nilivyoona, halikumwingia vizuri sana.

Alipokuwa mtu mzima tayari, katika mkutano wa watu wasioona, ndipo alipogundua kwamba wako wengi kama yeye. Wengine hugonga ulimi, wengine hualisha vidole, wengine huvaa viatu vya kisigino kigumu makusudi, na mama mmoja alisema yeye husikiliza tu fimbo yake inavyogonga lami. Anasema siku hiyo walikaa wakisimuliana mwangwi kama watu wa kijiji kimoja waliopoteana.

Aliponichumbia, tulikuwa tukitembea jioni huko Kibuli, ambako alikuwa amepanga chumba. Mimi nilimweleza nilichoona, naye alinieleza alichosikia. Gari lililoegeshwa, alisema, ni sauti ya chini inayofika mapajani kisha inakatika. Mti ni sauti iliyochanika, kwa sababu ya majani. Ukuta wa matofali hujibu moja kwa moja kama mtu mwenye msimamo, na ua wa senyenge ni kama mtu anayenong'ona. Nikafumba macho nikagonga ulimi mpaka ukaniuma. Sikusikia chochote ila bodaboda na watoto. Akanicheka, akasema nasikia, ila sijajua kwamba nasikia.

Kazi yake ni ukalimani. Anajua Kiacholi, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na hukaa kati ya watu wasioelewana, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, akichukua maneno ya huyu na kumpa yule. Watu humwamini haraka. Mimi nafikiri ni kwa sababu anaposikiliza, husikiliza kwa mwili mzima.

Mama yangu hakumwamini haraka. Alipopata habari alipanda basi, akaja na kuku wawili na sura ya mazishi. Hakumwambia neno baya. Aliniuliza mimi, jikoni, kwa sauti ambayo mume wangu alisikia kila neno, kama nimefikiria ni nani atakayemshika mwenzake mkono barabarani. Kesho yake nilikuwa dukani, kwa hiyo ni yeye aliyempeleka mama sokoni. Walipokuwa wanarudi mvua ilikuwa imetishia, giza limeingia mapema, na umeme umekatika katika jengo nililokuwa naishi orofani. Ngazi zile hazikuwa na dirisha hata moja. Mama aliniambia baadaye kwamba alisimama pale chini akiwa na vikapu, akiogopa kuweka mguu. Mume wangu akagonga ulimi, akampa kiwiko, akasema, "Hapa ngazi zinapinda kushoto, mama, na kuna mtu ameacha jerikeni ukutani." Walipanda wakiongea habari za bei ya maharage.

Mama hakutoa hotuba. Usiku huo alimwekea mume wangu paja la kuku, na siku ya kuondoka alimwita "mwanangu". Swali la mkono halikuulizwa tena.

Tulipooana tulitafuta nyumba, na hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Mimi nilipenda moja yenye madirisha makubwa na vigae vinavyong'aa. Yeye alizunguka humo akigonga ulimi, akatoka ameshika kichwa. Alisema sauti zinarukaruka kama watoto waliofungiwa ndani, hajui upi ni ukuta na lipi ni dirisha. Tukachukua nyingine, ya kawaida, ndani ya ua wa mama mmoja Mnubi, mjane aliyezaliwa papo hapo Kibuli, ambaye babu yake aliletwa Uganda kama askari wa Waingereza. Mama huyu hufuma vikapu vya rangi barazani kwake, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Mume wangu aliposimama katikati ya sebule akagonga mara moja, uso ulimtulia. "Hii," akasema.

Nikaipamba. Nilikuwa na duka la nguo, nisingeweza kujizuia. Niliweka mapazia mazito, zulia, makochi yenye mito. Nilipomaliza nilimkaribisha kama bwana harusi. Aliingia akagonga meza kwa goti, kisha mlango kwa bega, akakaa chini. Nikajua nimemzimia taa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake nilikunja zulia nikampa mama mwenye nyumba, mapazia mazito nikayahamishia chumbani, sebule ikabaki na kuta zake tupu. Wageni hufikiri ndiyo kwanza tunahamia.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilizoea tka zake asubuhi kuelekea bafuni, tka moja mlangoni akirudi kutoka kazini, na mbili anaponitafuta. Mvua ikipiga mabati hakuweza kusikia chochote kingine, basi alikaa mahali alipo na kusubiri, na alipenda kuniambia, "Leo mumeo ni kipofu, niletee chai." Nami nilimletea, tukakaa tusisemezane mpaka mvua ipite, kwa sababu hata kuongea kulikuwa kazi.

Halafu mwaka juzi akapata mafua.

Yalikuwa mafua ya kawaida, lakini yaliingia masikioni. Sikio la kushoto likamuuma mpaka akawa anatembea huku amelishika, kisha likapasuka ndani na kutoa maji, na la kulia likaziba. Daktari alimtibu vizuri, akaeleza kwamba la kulia litafunguka, ila la kushoto hawezi kuahidi. Tulirudi nyumbani, mume wangu amenishika kiwiko kwa mkono wote. Kabla ya hapo alikuwa akinishika kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeshika kikombe.

Aliacha kugonga ulimi. Alijaribu mara moja sebuleni, akasubiri, hakikuja kitu, akafunga mdomo. Tangu hapo alitembea nyumbani na mikono imenyooshwa mbele, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. Alinyoa vibaya. Alimjibu mama mwenye nyumba mambo ambayo hakuulizwa. Kazini walimwambia apumzike, na yeye akapumzika kwa kukaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameelekea dirisha.

Nilidhani najua upofu, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na mtu asiyeona. Sikuujua. Ndiyo kwanza ulikuwa umeingia nyumbani kwetu. Nilikuwa nikitoka asubuhi kwenda Kikuubo, nikimwachia chai kwenye chupa, na mchana mzima nilikuwa napima vitenge vibaya. Jioni nilifungua mlango nikasubiri ile tka, kimya. Nyumba ilikuwa kubwa mno bila mlio ule.

Siku moja alitoka peke yake. Sikio la kulia lilikuwa limeanza kufunguka, akajiona anaweza kufika barabarani. Kulikuwa na pikapu imeegeshwa upande wake wa kushoto, imebeba nondo zilizochomoza nyuma. Fimbo ilipita chini yazo. Nondo ikamchana juu ya jicho. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemrudisha ndani, akamsafisha damu kwa ukali wote wa mtu aliyeogopa, na aliponipigia simu niliacha duka wazi mikononi mwa jirani nikapanda bodaboda.

Nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, bandeji usoni. Nikakaa karibu yake, upande wa sikio zima. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau.

"Upande wa kushoto hakuna dunia," alisema. "Wewe ukikaa huku kulia, upo. Ukipita kule, umekufa. Kila siku unakufa mara nyingi, mama, na mimi nachoka."

Hatuna watoto. Aliniita mama kama wanaume wa hapa wanavyowaita wake zao kwa upole. Nililia, naye akasikia, maana nilikuwa upande unaofaa.

Sijui ni nani kati yetu aliyeanza habari ya sinia. Nafikiri nilikuwa nimeinuka kuchambua mchele, nikapita mbele yake nikiwa nimeshika sinia kubwa la bati, naye akainua kichwa ghafla. Aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia. Akanitaka nisimame, nisogeze sinia mbele ya uso wake, niliondoe, nilirudishe. Akagonga ulimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue, na mlio ulitoka mkavu, kama wa mtu aliyesahau.

"Lipo," akasema. Nikaliondoa. "Halipo."

Tulifanya hivyo kila jioni. Nilimaliza kupika, tukaketi sebuleni, nikashika sinia upande huu na upande ule, juu na chini, karibu na mbali, naye akinyoosha kidole mahali lilipo. Kulia hakukosea. Kushoto alinyoosha kidole hewani, mahali ambapo sinia halikuwa hata kidogo, na akiguswa bega kwamba amekosa alikuwa akivuta pumzi na kuanza tena. Jioni nyingine alikasirika akaenda kulala. Jioni nyingine mimi ndiye niliyechoka mikono, nikaliegemeza sinia kichwani kwangu, akagonga ulimi akasema, "Mbona sinia lina nywele?" Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Taratibu akajifunza kugeuza kichwa. Zamani aligonga akiwa ameangalia mbele, masikio yote mawili yakigawana kazi. Sasa aligonga, akageuza uso kushoto haraka, akagonga tena, akilipa sikio la kulia kazi ya pande zote mbili. Ni kama mtu anayesoma na kurudia mstari. Inachukua muda zaidi. Lakini kidole kilianza kufika kwenye sinia, au karibu yake, na siku kilipoligonga katikati, ngaa, alikishikilia pale pale, bati likitetemeka.

Jioni mojawapo ya hizo akasema zamu yake. Alinifunga macho kwa mtandio wangu, akachukua sinia. Nikamwambia atapoteza muda wake, nilikwisha kujaribu tangu uchumba. Akasema nitoe sauti tu, nisitafute kitu. Nikagonga ulimi, nikagonga tena. Nilisikia mdomo wangu mwenyewe. Kisha, kati ya mlio mmoja na mwingine, sauti yangu ikabadilika. Sijui niielezeje. Ilikuwa kama nilikuwa nikiongea nje, halafu mtu akafunga mlango mbele ya pua yangu. Nikanyoosha mkono, nikakuta bati baridi.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona. Alilishusha sinia akanifungua mtandio, na akawa ameshika uso wangu kwa mikono yote miwili kwa muda. Tangu siku ile nimejaribu kuta, milango, hata mabunda yangu ya vitenge, na sijawahi kupata zaidi ya sinia lile moja. Linanitosha.

Alirudi kazini baada ya kipindi cha mvua. Anawaomba watu wakae upande wake wa kulia, na anayetoka Kongo amejaa hofu na anayeandika maelezo yake wote husogeza viti bila kuuliza sababu. Barabarani sasa hutumia fimbo bila kuikunja, hata Kikuubo, na imekwisha kupindwa tena. Juu ya jicho kuna alama ya nondo. Sikio la kushoto halijarudi, na nafikiri halitarudi. Yeye husema upande huo ni jioni ya kudumu, si usiku. Mimi, tukitembea, hukaa kushoto, ili kule kuwe na mtu. Mikono yetu imezoea hivyo, vidole viwili kwenye kiwiko changu.

Mwaka huu mama mwenye nyumba aliamua kujenga ukuta wa matofali kati ya ua wetu na kiwanja cha jirani, ambako palikuwa na senyenge na migomba. Wapangaji wote tulinung'unika. Tungekosa upepo, na tungekosa kuuona mnara wa msikiti kule juu. Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza, nikamkuta barazani na kikapu chake mapajani, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema wezi wa kuku hawataki upepo wala mnara.

Mafundi wakaanza. Kila jioni mume wangu alipotoka kazini alikwenda kusimama pale kabla hajaingia ndani. Siku za mwanzo alisema umefika magotini. Baadaye akasema umefika tumboni. Alinieleza kila safu kana kwamba sina macho, nami nilimwacha anieleze. Mafundi walimzoea, wakawa wakimwuliza kama umenyooka, naye aliwajibu kwamba hilo wakaulize uzi wao wa kupimia.

Ulipopita kimo chake alinivuta mkono nikasimame naye. Aligonga ulimi, akageuza kichwa, akagonga tena. Nilimtazama usoni. Upande ule, kwa miaka yote tuliyoishi pale, kulikuwa na minong'ono tu ya senyenge na majani. Sasa kulikuwa na mtu mwenye msimamo.

"Unasikia anavyojibu?" akaniuliza.

Nikamwambia sisikii, anieleze. Akaanza kunieleza, na mama mwenye nyumba akatuita kutoka barazani kwamba uji unapoa.